Picha ya Mangi Meli na Watu Waitazamao

Yako maswali ambayo watoto huwauliza walimu wao njiani, wakirudi kutoka kutazama vitu vya kale, nayo mara nyingi ni magumu kuliko maswali ya darasani. Moja ni hili: "Mwalimu, sisi sote tumeitazama picha moja, mbona kila mmoja ameona jambo lake?" Naona swali hili lastahili kujibiwa kwa utulivu, maana si la watoto tu, bali la watu wazima pia. Na hapa kwetu, chini ya Kibo na Mawenzi, iko picha ambayo kwayo twaweza kulijibu pasipo kusafiri mbali. Ni picha ya Mangi Meli wa Moshi.

Wengi wamekwisha kusikia habari za mtu huyu, walakini si wote wazijuao kwa taratibu yake, basi kwanza nizieleze kwa ufupi. Meli alikuwa mwana wa Mangi Rindi, ambaye wageni wa pwani na wa Ulaya walimwita Mandara. Rindi ndiye aliyefanya mapatano na Wadachi, yaani Wajerumani, mwaka 1885, alipojiwa na mjumbe wao Karl Jühlke. Mwaka 1891 Rindi akafa, Meli akaketi mahali pake. Hata Juni 1892 jeshi la Wadachi likapanda Moshi kumpiga, na kiongozi wake alikuwa von Bülow. Vita vikawageuka Wadachi. Von Bülow akafa, na askari waliosalia wakarudi nyuma. Lakini Agosti 1893 Gavana von Schele akaja mwenyewe na jeshi kubwa, na safari hii Meli akashindwa. Akaendelea kuwa mangi chini ya bendera ya Wadachi miaka kadha wa kadha. Kisha tarehe 2 Machi 1900 akanyongwa huko Old Moshi pamoja na watu wengine 18, wakishitakiwa kwamba wamefanya shauri la siri la kuwapiga Wadachi. Amri ilikuwa ya Kapteni Johannes. Mti wa mgunga unaosemwa kuwa ndio alionyongewa wazee huwaonyesha wageni. Na jamaa zake wamepokezana neno hili tangu siku ile: kwamba maiti ilipoteremshwa kichwa kilikatwa, kikapelekwa Ulaya.

Mwaka 2018 watu wa Berlin walifanyiwa maonyesho ya habari zake katika nyumba ya kale ya Chuo Kikuu cha Humboldt, nyumba ambayo zamani walifundishiwa ndani yake waganga wa wanyama. Mwaka 2019 maonyesho hayo yakaletwa Old Moshi. Waliyoyatengeneza waliyaita "Mangi Meli Remains", na jina hilo kwa Kiingereza lina maana mbili kwa pamoja: mabaki ya Mangi Meli, na tena Mangi Meli yungali pamoja nasi. Basi uso mmoja ulitazamwa na watu wa Berlin, na uso ule ule ukatazamwa na watu wa mlimani. Je, waliona mtu mmoja?

Kabla ya kuandika nilitaka kulijaribu jambo hili nyumbani. Nikaitwaa picha, iliyochapwa juu ya karatasi, nikaiweka mezani baada ya chakula cha jioni, wala sikusema ni ya nani. Mtoto wa darasa la nne akaitazama mara moja, akasema, "Huyu mtu amekasirika." Kijana mmoja, mgeni wetu afanyaye kazi mjini, akaipindua kwanza atazame nyuma yake, akauliza, "Baba, nani aliyeipiga, na mwaka gani?" Bibi yetu akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na taa, akanyamaza kitambo. Kisha akamjibu yule mtoto: "Hajakasirika, mjukuu wangu. Mtu akisimama mbele ya wageni wenye bunduki hachekicheki." Akaendelea kuitazama, akaniuliza mimi: "Huyu ni mtoto wa nani?"

Haya, watu watatu, picha moja, na dakika hazikuwa tano. Mtoto aliutazama mdomo, akaona hasira. Kijana hakumtazama mtu hata kidogo kwanza, alimtafuta yule aliyesimama nyuma ya kamera, ambaye haonekani. Bibi alitafuta ukoo.

Kwa habari ya hasira, yafaa niseme neno kwa ajili ya walimu, kwa kuwa watoto wengi husema vivyo hivyo mbele ya picha za kale. Desturi ya siku zile, huko Ulaya kama huku, ilikuwa mtu apigwapo picha asimame au aketi kwa adabu, atulie, afunge mdomo. Kamera ziliwekwa juu ya miguu mitatu, na picha ikaingia katika kioo kilichopakwa dawa. Mwenye kutikisika aliharibu kazi. Kucheka mbele ya kamera ni mazoea yaliyoenea baadaye. Watazame maaskofu na wafalme wa Ulaya wa miaka ile, utadhani wote wametoka msibani. Basi tusimpe Meli hasira ambayo huenda ni adabu tu. Wala tusimpe furaha ambayo hatuijui.

Sasa, kwa nini macho ya watu watatu yalikwenda njia tatu? Jibu lake lilitafutwa kwa bidii na mtaalamu mmoja wa Urusi, jina lake Alfred Yarbus, ambaye kitabu chake kilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1967. Yarbus alitengeneza chombo kidogo cha kubandikwa juu ya jicho lenyewe, kikaandika njia yote ipitwayo na jicho katika kutazama. Kisha akamketisha mtu mbele ya picha iliyochorwa na Ilya Repin, mchoraji mashuhuri wa Kirusi. Picha hiyo yaonyesha chumba cha nyumbani: mtu aliyekonda anaingia mlangoni, amerudi baada ya kutokuwapo siku nyingi, na mama anainuka kitini, na watoto wanamkodolea macho. (Repin mwenyewe hakuridhika na uso wa yule mwenye kurudi, akaupaka upya, kana kwamba hata yeye hakujua kwa hakika mtu wa namna hiyo hurudi na uso gani.)

Yarbus akamwonyesha mtu yule yule picha ile ile mara saba, dakika tatu kila mara, ila kila mara alimpa neno jingine la kutafuta. Mara ya kwanza alimwacha atazame apendavyo. Halafu alimwuliza, watu hawa wana mali au ni maskini? Halafu, wana umri gani? Halafu, walikuwa wakifanya nini kabla mgeni hajaingia? Tena akamwambia azikariri nguo zao, na mahali pa kila kitu chumbani. Na mwisho akamwuliza, mtu huyu alikuwa hayupo kwa muda gani? Ikaonekana kwamba kwa kila swali jicho lilishika njia yake. Alipoulizwa umri, jicho liliruka kutoka uso hadi uso, likaacha vitu vingine vyote. Alipoulizwa mali, likatembea juu ya nguo na vyombo vya nyumba. Alipoulizwa habari za muda, likaenda na kurudi kati ya uso wa mgeni na nyuso za jamaa zake, kama mtu apimaye kamba ncha mbili.

Msomaji, litie moyoni jambo hili. Hakubadilika mtu, wala haikubadilika picha. Lililobadilika ni swali. Tena tusiseme kwamba aliona vitu vyote ila akafikiri mengine. La, jicho lake halikufika mahali pale pale. Basi watu wawili wakisimama bega kwa bega mbele ya picha ya Meli, mmoja amekuja na swali la vita na mwenziwe amekuja na swali la ukoo, kwa kweli macho yao yanatembea njia mbalimbali juu ya uso mmoja.

Na maswali hayo hatuyachagui siku tuingiapo katika nyumba ya makumbusho. Twaja nayo kutoka nyumbani. Watu wengi, wasemapo juu ya picha za zamani za watawala wetu, hufikiri mambo ni mawili tu: Mwulaya huona hivi, Mwafrika huona hivi. Mimi nasema mlima wetu una mabonde mengi kuliko hayo.

Mfikiri mtu wa Kibosho. Februari 1891 Wissmann alipanda na jeshi kumpiga Mangi Sina wa Kibosho, na wapiganaji wa Rindi wa Moshi walikuwa pamoja na Wadachi siku ile. Migomba ya Kibosho ilikatwa, ng'ombe wakachukuliwa. Basi mzee wa Kibosho aliyelelewa na masimulizi hayo, akisimama mbele ya uso wa Meli na kusoma kwamba huyu ni shujaa aliyewapinga Wadachi, huenda moyoni mwake kwanza aona mwana wa Rindi, mwana wa yule aliyewaonyesha Wadachi njia ya nyumbani kwao. Wala hakosi. Mambo yalikuwa hivyo.

Lakini sasa umwonyeshe neno la pili. Miongoni mwa wale walionyongwa pamoja na Meli tarehe 2 Machi 1900 alikuwamo Molelia, Mangi wa Kibosho, mwana wa Sina yule yule. Alikuwamo pia Ngalami, Mangi wa Siha. Wana wa wale maadui wawili wakubwa wa mlima, Rindi na Sina, waliuawa mahali pamoja siku moja kwa amri moja. Akiisha kulijua hilo, mzee wetu wa Kibosho na airudie picha. Wino haukuongezwa hata tone, karatasi ni ile ile, na bado nathubutu kusema kwamba ataona uso mwingine.

Yuko na mtu wa Marangu. Masimulizi ya Old Moshi humtaja Mangi Marealle kuwa ndiye aliyewachongea wenzake kwa Wadachi, na Marangu nao wana maneno yao juu ya hekima ya Marealle, ambaye aliiokoa nchi yake na moto. Mimi si mwamuzi wa shauri hili, na miaka zaidi ya mia imepita. Ila natambua kwamba mwalimu mwenye darasa lenye watoto wa Marangu na wa Old Moshi pamoja, akiwasimamisha mbele ya picha hii, amewasimamisha mbele ya jambo lenye moto bado chini ya majivu. Asiogope, wala asilipite kana kwamba halipo.

Hata Mkristo wa Moshi ana lake. Wamisionari Waingereza wa C.M.S. walikuwa wamefika kwa Rindi mwaka 1885; mwaka 1892, siku za vita vile, iliwapasa kuondoka wakaenda Taveta, kwa kuwa Wadachi waliwashuku kwamba wako upande wa Meli. Wamisionari wa Leipzig wakafika Machame 1893, wakafungua kituo Moshi 1896. Kwa hiyo kanisa la Old Moshi lilianza wakati wa utawala wa mangi huyu, na waliobatizwa kwanza waliuona uso wake ukiwa hai.

Sasa twende Berlin. Mtu wa Berlin aliyeingia katika maonyesho ya 2018 hakuleta swali la Sina wala la Marealle. Majina hayo yangempita masikioni kama upepo. Lakini hakuja mikono mitupu. Wengi wa wenyeji wale wamefundishwa shuleni juu ya maovu ya vita vya pili vya dunia, na ni wachache waliofundishwa kwamba nchi yao ilitawala huku tangu 1885 mpaka siku za vita vya kwanza. Mtu kama huyo akikutana na uso wa Meli, swali lake la kwanza huelekea kuwa, "Sisi tulimfanyia nini?" Ni swali jema, walakini nalo lina upofu wake: anayejitafuta mwenyewe katika uso wa mwingine huweza kuondoka bila kumwona yule mwingine. Meli alikuwa mangi, mwenye wake na watoto, mwenye mashauri ya maji na mipaka ya kuamua, siku nyingi kabla hajawa mtu aliyefanyiwa jambo.

Hapa yanaingia maandishi yale yawekwayo chini ya picha. Zamani, katika vitabu na makabati ya Ulaya, watu wa nchi zetu walipigwa picha nyingi wasitajwe majina, wakaandikwa tu kabila na mahali, kama waandikwavyo ndege na mawe. Jaribu mwenyewe: iweke picha moja, andika chini yake "Mchaga wa Kilimanjaro". Macho ya mtazamaji yatakwenda kwenye nguo, masikio, na umbo. Futa, andika "Mwasi aliyenyongwa". Sasa atatafuta ukali, na akiutafuta ataupata. Futa tena, andika "Meli, mwana wa Rindi, Mangi wa Moshi". Atatafuta mtu. Mstari mmoja wa maneno waweza kuuliza swali kwa niaba yetu kabla hatujajua kwamba tumeulizwa, ndiyo maana nawashauri walimu wawafundishe watoto kusoma maandishi ya chini kwa makini ile ile wanayoisoma picha, na kuuliza ni nani aliyeyaandika.

Jambo hili si la mlimani petu tu. Kule Unguja iko picha ya Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa 1844. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa sababu ya kumpenda mfanya biashara wa Kidachi, Heinrich Ruete. Mwaka 1867 akabatizwa Adeni, akaitwa Emily, akaolewa, akaenda Hamburg. Picha yake mashuhuri yamwonyesha amevaa nguo za binti wa mfalme wa Unguja na mapambo yake yote, na atazamaye hudhani ilipigwa jumbani kwa baba yake. Kumbe ilipigwa Hamburg, katika chumba cha mpiga picha, karibu na 1868, alipokwisha kuwa mke wa mfanya biashara na kutembea barabarani kwa gauni la Kizungu. Mume akafa 1870; yeye akabaki na watoto wadogo ugenini, akaandika kitabu cha maisha yake kilichotolewa 1886, akafa Jena 1924.

Katika jumba la makumbusho la Unguja alitengewa chumba chake, na watu walioingia humo walimwangalia kwa namna nyingi. Kwa wengine ni binti aliyeiacha dini na watu wake. Kwa wengine ni mwanamke aliyejifundisha kuandika kwa siri, akathubutu. Kwa watalii ni hadithi ya mapenzi. Na kwa mtu atokaye katika ukoo wa watumwa wa mashamba ya karafuu, mapambo yale yana bei, na anajua ni nani aliyeilipa. Hamburg nao walijikwaa papo hapo. Mwaka 2019 walikiita kiwanja kimoja cha mji kwa jina la Emily Ruete, kwa kumheshimu mwanamke mgeni aliyeishi kwao. Mwaka 2020 wakaliondoa jina hilo, baada ya watu kuonyesha aliyoyaandika kuutetea utumwa wa nchi yake. Uso ni ule ule, ila walipousoma ukurasa wa pili waliona mtu mwingine.

Labda mtu atauliza, je, yote haya yaonekana katika kutazama kwa kitambo kidogo? Hayaonekani. Mwaka 2001 wachunguzi wawili, Jeffrey na Lisa Smith, walitoa hesabu ya muda ambao watu hutazama picha mashuhuri katika nyumba ya makumbusho ya Metropolitan huko New York. Kwa wastani ilikuwa sekunde 27 tu, pamoja na muda wa kusoma maandishi. Sekunde 27 hazitoshi kufunga kamba za viatu viwili. Na watu wale walikuwa wamelipa nauli ili waje kutazama!

Kwa hiyo nawaambia walimu njia moja niliyoiona kuwa yafaa, nayo haina gharama. Msiwaambie watoto jina kwanza. Wapeni dakika moja kamili ya saa, wanyamaze, watazame. Kisha kila mtoto aandike mstari mmoja wa aliyoyaona na mstari mmoja wa anachotaka kujua. Halafu taja jina, mwaka, na wale walionyongwa naye. Waacheni watazame dakika ya pili, na wasifute walichoandika kwanza. Mistari ya mwanzo isomwe mbele ya wote pasipo kumcheka mtu. Mtoto akisikia jirani yake ameona alichokikosa yeye, hurudi kutazama kwa hiari yake, wala hahitaji kuamriwa.

Na wazazi, tazameni nyuma ya picha mlizo nazo katika masanduku na katika fremu ukutani. Ngapi zina majina? Nimeona nyumba nzuri za Kikristo zenye picha za harusi za babu, na hakuna hata mmoja anayeweza kusema wasimamizi walikuwa nani. Chukueni kalamu ya risasi, andikeni polepole nyuma yake: jina, jina la baba, mahali, mwaka kama wajulikana. Wino hupenya mpaka usoni; risasi haipenyi. Mwulizeni bibi angali anaona.

Nimewaacha nyuma kwa makusudi watazamaji ambao swali lao ni zito kuliko yote, nao ni watu wa ukoo wa Meli mwenyewe.

Mwaka 1911 mtu aliiba picha ya Mona Lisa katika nyumba ya makumbusho ya Louvre mjini Paris, isionekane mpaka 1913. Nyumba ilipofunguliwa tena baada ya wizi, watu walikuja kwa makundi kutazama ukuta mtupu na misumari yake. Ni jambo la kuchekesha kidogo, lakini lina maana: kitu kisichokuwapo nacho hutazamwa. Old Moshi wameishi na mahali patupu tangu 1900. Kaburi bila kichwa si kaburi lililokamilika kwa desturi za Kichaga, na ukoo usiomzika mkubwa wake ipasavyo haupati raha. Mjukuu wake, Mzee Isaria Meli, alilitafuta fuvu la babu yake kwa miongo mingi, akipeleka maombi yake kwa wakubwa, na hata akatoa vinasaba vyake vipimwe. Mtu kama yeye akisimama mbele ya picha hatafuti shujaa, wala hatafuti kosa la Wadachi. Atazama paji la uso, taya, namna masikio yalivyokaa, kama tutazamavyo sote picha ya babu tusiyemjua: huyu amefanana na nani kati yetu? Kwa wengine picha yamwonyesha mtu aliyekufa. Kwa ukoo, yaonyesha kile hasa kilichochukuliwa.

Huko Berlin, Felix von Luschan, mkubwa katika nyumba ya makumbusho ya mataifa, alikusanya mafuvu ya watu kwa maelfu, mengi yakipelekwa na maofisa na madaktari wa makoloni. Mwaka 2011 mafuvu hayo yaliingia mikononi mwa shirika liangaliallo makumbusho ya Berlin, na kuanzia 2017 wataalamu walichunguza zaidi ya 1,100 yaliyotoka katika koloni la Wadachi la Afrika Mashariki. Ambao huku wana majina, na wengine picha, kule walikuwa na namba zilizoandikwa juu ya mfupa. Huo nao ni mtazamo, wa mtu aliyeuliza upana wa kichwa na asiulize jina. Ila juu ya fuvu moja lilikuwa limeandikwa neno "Akida". Septemba 2023 ilitangazwa kwamba vinasaba vya mafuvu matatu vimelingana na vya watu walio hai wa Kilimanjaro, na hilo moja ni la mshauri wa Mangi Meli. Jamaa zao walipata habari waliyoingoja zaidi ya miaka 120.

Katika hayo matatu, la Meli halikuwamo.